Robo Wati: Uteuzi wa Vali za Redio na Usikilizaji katika Nyanda za Rungwe kabla ya Transista

Utangulizi

Historia ya redio nchini Tanzania imezoea kuanzia studio. Huanza na Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1951, hupita katika Shirika la Utangazaji la Tanganyika lililoundwa mwaka 1956, na kufikia Redio Tanzania Dar es Salaam, baada ya serikali kulitwaa shirika hilo mwaka 1965. Katika simulizi hiyo msikilizaji wa kijijini huingia jukwaani akiwa amechelewa, redio ya transista ikiwa begani mwake, kana kwamba kabla ya transista vijiji vilikuwa kimya. Sura hii inaanzia upande wa pili wa wimbi, yaani kwenye sanduku la redio lililowekwa ndani ya nyumba isiyo na umeme katika eneo kama Nkunga, wilayani Rungwe. Swali lake ni la kifundi, lakini jibu lake ni la kihistoria: ndani ya sanduku hilo kulikuwa na vali za aina gani, na kwa nini hizo na si nyingine?

Hoja inayotetewa ni kwamba mahali pasipo na waya wa umeme uteuzi wa vali haukuwa suala la ubora wa sauti peke yake. Uliamua nani angesikiliza, kwa saa ngapi, na akiwa amezungukwa na watu wangapi. Mbunifu aliyeketi Eindhoven au London alipochagua vali ya kutolea sauti yenye nguvu ya robo wati, akaiacha ile ya wati tano, alikuwa pia anachora umbo la baraza la wasikilizaji ambao hakuwahi kuwaona.

Vyanzo vya hoja hii ni vya aina mbili ambazo kwa kawaida hazikutani katika meza moja. Aina ya kwanza ni majedwali ya kiufundi yaliyotolewa na watengenezaji wa vali, ambayo hueleza kila vali inahitaji volti ngapi, inakula mkondo kiasi gani na inatoa nguvu kiasi gani. Aina ya pili ni maandiko ya kianthropolojia na ya kiutawala kuhusu Wanyakyusa na majirani zao. Majedwali hayaitaji Rungwe hata mara moja, na maandiko hayo nayo yanazungumza kwa nadra sana kuhusu vifaa vya umeme. Hata hivyo, namba za jedwali ni ushahidi mgumu kuliko kumbukumbu ya afisa. Afisa anaweza kusahau au kujisifu. Vali inayohitaji wati tano za joto itazihitaji Tukuyu kama inavyozihitaji Uingereza.

Vali na gharama ya joto

Vali ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, na ndani yake kuna vipande vya metali visivyogusana. Kimoja, kathodi, hupashwa moto hadi kuachia elektroni. Kingine, anodi, huwekewa volti nyingi chanya ili kuzivuta elektroni hizo kupitia ombwe. John Ambrose Fleming alitengeneza vali ya vipande viwili mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Lee de Forest aliongeza cha tatu, gridi, wavu mwembamba uliosimama njiani kati ya kathodi na anodi. Badiliko dogo la volti kwenye gridi huleta badiliko kubwa la mkondo kwenye anodi, na hapo ndipo ukuzaji wa sauti ulipozaliwa. Mwaka 1926 Bernard Tellegen wa kampuni ya Philips aliongeza gridi mbili zaidi, akapata pentodi, vali ambayo hutoa nguvu kubwa zaidi ya sauti kutokana na umeme uleule. Wapenzi wa muziki bado wanabishana iwapo trayodi ya gridi moja ina sauti tamu zaidi. Kwa mtu anayenunua umeme wake ndani ya boksi la betri, mabishano hayo hayana uzito, kwani pentodi inampa sauti zaidi kwa kila senti.

Jambo la msingi kwa sura hii ni kwamba vali hula umeme mara mbili. Hula umeme wa anodi, ambao sehemu yake hugeuka kuwa sauti, na hula umeme wa kupashia kathodi moto, ambao hautoi sauti yoyote. Huo wa pili ni mfano wa kuni zinazowashwa ili jiko lipate joto kabla chungu hakijatiwa. Katika nyumba yenye waya wa umeme, hasara hiyo haionekani. Katika nyumba ya mkulima wa migomba na kahawa, hasara hiyo ndiyo habari yote.

Watengenezaji wa Ulaya waliitambua tofauti hiyo na kuiandika waziwazi katika majina. Kwa mfumo wa majina uliotumiwa na Philips, Mullard na wenzao tangu katikati ya miaka ya 1930, herufi ya kwanza ya jina la vali hueleza jinsi inavyopashwa moto. E ni volti 6.3, kwa redio na vikuza sauti vyenye transfoma iliyounganishwa na umeme wa nyumba. K ni volti 2, yaani betri ya asidi inayochajiwa. D ni volti 1.4, yaani betri kavu. Herufi ya pili hutaja kazi: C ni trayodi, F ni pentodi ya kukuza mawimbi, L ni pentodi ya kutolea sauti. Kwa hiyo mtu anayesoma EL84 na DL92 anasoma vali mbili zenye kazi moja katika jamii mbili tofauti. Ni nadra mwanahistoria kupata alama ya tabaka iliyopigwa chapa juu ya kioo.

Namba zenyewe zinafafanua zaidi. EL84, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1950, hupashwa moto kwa mkondo wa ampia 0.76 katika volti 6.3, sawa na takribani wati 4.8, kabla haijatoa mlio wowote. Ikilishwa volti 250 kwenye anodi, vali moja hutoa sauti ya takribani wati 5.7. DL92 hupashwa moto kwa ampia 0.1 katika volti 1.4, sawa na wati 0.14, na kwa betri ya volti 90 hutoa wati 0.27. Yaani joto la EL84 moja lingetosha kupasha DL92 thelathini na nne. Redio kamili ya betri yenye vali nne za kizazi hicho, DK91, DF91, DAF91 na DL92, ilihitaji ampia 0.25 za kupasha moto vali zote, na kizazi kilichofuata cha miaka ya 1950, cha DK96 hadi DL96, kilipunguza mkondo huo hadi nusu yake kamili, ampia 0.125. Wakati wabunifu wa vikuza sauti vya sebuleni Ulaya walikuwa wakishindana kuongeza wati, wabunifu wa vali za herufi D walikuwa wakishindana kupunguza nyuzijoto za waya mwembamba kuliko unywele. Mashindano haya ya pili hayakupata washangiliaji.

Kuna faida nyingine ya herufi D isiyoonekana kwenye hesabu ya wati. Katika EL84 waya wa moto umefichwa ndani ya kibomba cha kathodi, na mwenye redio husubiri sehemu kubwa ya dakika hadi kibomba kipate joto. Katika DL92 waya wenyewe ndio kathodi. Ukiwasha, redio husema papo hapo. Msikilizaji anayehesabu betri yake aliweza kuwasha saa ya taarifa ya habari ilipogonga na kuzima neno la mwisho liliposomwa, bila kulipia muda wa kusubiri.

Kutoka K kwenda D

Kabla ya herufi D kulikuwa na herufi K, na hatua kati ya hizo mbili inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa. Redio ya vali za volti 2 ilihitaji betri ya asidi ambayo ilipaswa kuchajiwa kila mara. Hata Uingereza, familia nyingi zisizo na umeme zilibeba betri zao hadi dukani kuzichaji. Kwa mkazi wa Nkunga, kubeba betri ya asidi kulimaanisha kushuka na kupanda vilima hadi mahali penye injini, yaani kwa mwajiri, kwa misheni au mjini. Usikilizaji wa redio ungekuwa umefungwa kwa kamba kwenye mlango wa mtu mwingine. Vali za volti 1.4 zilizobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930, na kufuatwa na zile ndogo za kampuni ya RCA ambazo Ulaya ilizipa majina ya DK91 na wenzake, ziliikata kamba hiyo. Betri kavu hainunui ruhusa ya mtu. Inanunua saa.

Umbali nao ulikuwa na la kusema. Kutoka nyanda za Tukuyu hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni takribani kilomita 670. Hadi Lusaka ni kama 900, na hadi Nairobi ni kama 950. Mawimbi ya kati yanayotambaa ardhini hayavuki umbali huo mchana. Redio ya Rungwe ilipaswa kushika mawimbi mafupi, yale yanayopaa hadi tabaka la ayonosfia na kurudishwa chini. Ndiyo maana vali ya kwanza katika safu, DK91, yenye gridi tano, ilikuwa muhimu kuliko vali ya mwisho, kwani ndiyo iliyochanganya wimbi lililonaswa na wimbi lililozalishwa ndani ya redio. Na kwa kuwa mawimbi mafupi hayaheshimu mipaka, sanduku lilelile lililonunuliwa kwa ajili ya Dar es Salaam liliweza kusikia Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na Redio Cairo, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954 na kuwachoma watawala masikio. Serikali ya kikoloni iliweza kuchagua cha kutangaza. Haikuweza kuchagua gridi ya tatu ya DK91 ingenasa nini.

Wati za lori

Kabla ya redio ya betri kuenea, sauti iliyokuzwa kwa umeme ilikuwa imeshafika vijijini kwa njia nyingine: juu ya lori. Kuanzia mwaka 1935 hadi 1937 mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika, uliogharamiwa kwa sehemu kubwa na Shirika la Carnegie la Marekani na kuendeshwa na Meja L. A. Notcutt, uliweka makao yake Vugiri katika milima ya Usambara. Filamu zake za milimita 16 hazikuwa na sauti; maneno yalirekodiwa kwenye sahani za santuri ili lugha iweze kubadilishwa kufuatana na mahali, kisha yakapitishwa kwenye kikuza sauti. Lori la mradi lilizunguka Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland, Kenya na Uganda likiwa na vifaa vyake vyote na jenereta yake.

Kwa mtazamo wa vali, lori hilo lilikuwa nyumba yenye umeme iliyowekewa magurudumu. Injini ilizalisha umeme wa kutosha, hivyo hapakuwa na haja ya kuhesabu joto. Mamia ya watu waliweza kusikia sauti moja uwanjani. Lakini sauti hiyo ilikuja siku aliyotaka mwenye lori, ikasema alichotaka mwenye lori, na ikaondoka nalo. Magari ya sinema ya idara za serikali yaliyofuata baada ya Vita Kuu ya Pili yaliurithi mtindo uleule. Maandiko ya kiutawala huyasifu magari hayo kwa ukubwa wa mikusanyiko, na watafiti waliofuata wameirudia sifa hiyo bila kuuliza ukimya uliobaki uwanjani ulidumu miezi mingapi. Wati nyingi kwa usiku mmoja na robo wati kwa usiku mia moja na hamsini si kitu kimoja, na takwimu za mahudhurio haziwezi kuionyesha tofauti hiyo.

Hesabu ya sufuria

Usiku mia moja na hamsini si namba iliyookotwa. Inatokana na mfano ulioandikwa vizuri zaidi katika ukanda huu, ule wa jirani wa magharibi. Harry Franklin, aliyeongoza Idara ya Habari ya Rhodesia ya Kaskazini, alitumia miaka kadhaa kuwashawishi watengenezaji wa Uingereza wabuni redio ya bei nafuu kwa Waafrika wasio na umeme. Kampuni ya betri ya Ever Ready ilikubali, na mwaka 1949 ikatoka redio ya vali nne iliyofungwa ndani ya bakuli la alumini lenye umbo la sufuria, lililopakwa rangi ya buluu. Wazungu waliiita redio ya sufuria. Wasikilizaji walikuwa na neno lao, wayaleshi, ambalo Peter Fraenkel, aliyefanya kazi katika kituo cha Lusaka, alikipa kitabu chake cha mwaka 1959. Redio iliuzwa kwa pauni 5, na betri kwa shilingi 25, ikadumu takribani saa 300.

Shilingi 25 kwa saa 300 ni senti nane na kidogo kwa saa. Aliyesikiliza saa mbili kila jioni alipata jioni 150, yaani miezi mitano, kabla ya kulazimika kununua betri nyingine. Aliyeiacha ikiimba mchana kutwa alimaliza mwezi mmoja. Hesabu hii rahisi inaeleza kwa nini kampuni ya betri, na si kampuni ya redio, ndiyo iliyokubali kuitengeneza: sufuria iliuzwa mara moja, betri ingeuzwa daima. Inaeleza pia kwa nini wabunifu waliridhika na vali nne. Vali ya tano ingeongeza usikivu, lakini ingeuza saa za msikilizaji bila kumuuliza.

Kwa Rungwe mfano huu si wa mbali. Vijana wa Kinyakyusa walikuwa wakienda kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini na migodi ya Afrika Kusini, na P. H. Gulliver alichunguza uhamaji huo katika miaka ya 1950. Walirudi na fedha, nguo, baiskeli na maarifa ya vitu. Nyumbani nako bei nzuri ya kahawa ya mwanzoni mwa muongo huo iliwapa wakulima fedha taslimu ambazo baba zao hawakuwa nazo. Hoja haitegemei idadi ya sufuria zilizovuka Tunduma. Inategemea kwamba redio yoyote ya betri iliyouzwa pande zote mbili za mpaka, iwe ya bakuli au ya mbao, ilibuniwa kwa vali za familia moja na kwa hiyo iliendeshwa kwa hesabu moja.

Ukwangala na robo wati

Je, robo wati inatosha? Watafiti waliozoea vifaa vya kisasa huiona namba hiyo kama alama ya umaskini wa kiufundi. Maoni hayo ni ya haraka. Sikio halihesabu wati kama mhasibu anavyohesabu fedha. Kutoka wati 0.27 hadi 5.7 nguvu huongezeka mara ishirini na moja, sawa na desibeli 13, lakini kwa kuwa sikio huhisi sauti imeongezeka maradufu kwa takribani kila desibeli 10, EL84 husikika kuwa na sauti kubwa mara mbili na nusu tu kuliko DL92 kupitia spika ileile. Mbunifu wa redio ya betri alikuwa ameacha asilimia tisini na tano ya nguvu na kupoteza chini ya theluthi mbili ya ukubwa wa sauti unaohisiwa. Katika usiku wa kijijini usio na magari wala mashine, sauti hiyo ilijaza chumba na kufika kibarazani.

Ilifika kibarazani, haikufika kijiji cha pili. Hapa ndipo ubunifu wa vali unapokutana na utaratibu wa maisha ya Wanyakyusa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi Wanyakyusa walivyoishi katika vijiji vya rika, wanaume wa umri mmoja wakijenga pamoja, kula pamoja na kuzungumza pamoja. Thamani kuu ya maisha hayo iliitwa ukwangala: kufurahia ushirika wa wenzako, kukaa nao na kuongea nao, na kujifunza adabu kwao. Kitu kilichomtenga mtu na wenzake kilikuwa na harufu ya uchawi.

Redio ya robo wati iliingia katika mazingira hayo bila kuyavunja. Ilikuwa na sauti ya kutosha kwa watu kumi au kumi na watano walioketi karibu, na ilikuwa ghali vya kutosha kumfanya mwenye nayo aonekane mchoyo akiisikiliza peke yake. Kikuza sauti cha wati kumi kingewageuza wenzake kuwa hadhira iliyotawanyika. Spika ya masikioni ingemgeuza yeye kuwa mpweke. Robo wati ililazimisha ukaribu, na betri inayohesabika ililazimisha makubaliano: iwashwe lini, izimwe lini, nani ana haki ya kushika kinobu. Huenda vijiji vya rika vilikuwa vinadhoofika kufikia miaka ya 1950, kwa sababu za ardhi na za uhamaji wa kazi. Lakini hilo linaipa hoja uzito zaidi, kwani redio ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vipya vilivyowaita wanaume wakae pamoja tena, wakati kahawa, vibarua na mashamba ya mtu mmoja mmoja vilikuwa vikiwatenganisha.

Ukungu

Nkunga na nyanda zinazoizunguka ni nchi ya baridi, ukungu na mvua. Sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hali hiyo ilikuwa na adui wake mahususi ndani ya redio, kapasita ya karatasi. Kati ya anodi ya DAF91 na gridi ya DL92 husimama kapasita moja ambayo kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti za betri. Unyevu ukiingia katika karatasi yake, kapasita huanza kuvuja. Volti chanya hupenya hadi kwenye gridi, vali ya kutolea sauti hufunguka kupita kiasi, mkondo wa anodi hupanda, na betri iliyokusudiwa kudumu saa 300 humalizika mapema huku sauti ikikwaruza. Mwenye redio haoni moshi wala cheche. Anachoona ni kwamba betri za siku hizi hazidumu, na lawama humwangukia mwenye duka.

Watengenezaji waliokusudia soko la tropiki walizamisha vipuri katika nta na kuziba kapasita zao. Pale ambapo hawakufanya hivyo, kazi iliangukia kwa fundi. Ustadi wa fundi wa redio katika miaka hiyo, ambao baadhi ya Waafrika waliuanza jeshini walipofunzwa kazi ya simu ya upepo wakati wa Vita Kuu ya Pili, haukuwa ustadi wa kubadilisha vali peke yake. Fundi hodari alijua kwamba vali inayoonekana mbovu mara nyingi ni shahidi tu, na mkosaji ni kapasita ya bei ndogo iliyo nyuma yake. Alijua pia kosa lisilosameheka: kugusisha waya wa volti 90 kwenye njia ya volti 1.4. Kwa mguso mmoja vali zote nne hukatika waya wa moto, na redio nzima hufa. Plagi za betri zenye mpangilio wa vijiti usiofanana zilibuniwa kwa ajili ya kosa hilo, lakini plagi huvunjika, na waya uliovuliwa gome hauna akili.

EL84 yafika Nkunga

Itakuwa makosa kuhitimisha kwamba vali za herufi E hazikuwahi kusikika Nkunga. Zilisikika, lakini zikiwa mbali. Muziki wa dansi uliopitia magitaa ya umeme katika miaka ya 1960 ulitegemea vikuza sauti vya vali, na mfano mashuhuri zaidi duniani wa aina hiyo, Vox AC30 ya Uingereza, ulipata wati zake 30 kutoka EL84 nne. Nne hizo peke yake zilikula zaidi ya wati 19 za joto, na vali ya kunyoosha umeme, GZ34, ikaongeza karibu wati 9.5. Kifaa cha namna hiyo kiliwezekana Dar es Salaam, Tanga, Morogoro au Tabora, mahali penye umeme na kumbi. Hakikuwezekana kwenye baraza la Nkunga. Kwa hiyo ramani ya bendi za umeme ilifuata ramani ya nyaya kwa karibu kuliko ilivyofuata ramani ya vipaji, jambo ambalo historia za muziki wa dansi hulipita haraka. Huko Rungwe, ambako tarumbeta za Wamoraviani na ngoma zilikuwa na nguvu bila msaada wa betri, gita la umeme lilifika kupitia mawimbi mafupi: likakuzwa mjini kwa EL84, likatumwa angani, likashuka na kukuzwa tena kwa DL96.

Transista, iliyovumbuliwa katika maabara ya Bell mwezi Desemba 1947 na kuingia katika redio za mkononi kuanzia mwaka 1954, ilifika kwa wingi Afrika Mashariki katika miaka ya 1960. Katikati ya muongo huo kampuni ya Matsushita ilikuwa imeanza kutengeneza redio na betri kavu Dar es Salaam. Sifa ya transista iliyotajwa zaidi ni udogo. Kwa Nkunga udogo ulikuwa jambo la pili. La kwanza ni kwamba transista haina waya wa moto, wala haihitaji volti 90. Ilikula betri za tochi, zilezile zilizokuwa zikiuzwa duka la kijijini kwa ajili ya kumulikia njia usiku. Na kwa sababu saa ya kusikiliza ilikuwa rahisi sasa, haikuwa tena lazima kuikubaliana. Redio ilitoka barazani ikamfuata mtu mmoja shambani.

Leo EL84, EL34 na vali nyingine za vikuza sauti bado zinatengenezwa Urusi, Slovakia na China, kwa ajili ya wapiga gita na wapenzi wa muziki walio tayari kulipia joto. Vali za herufi D hazikupata warithi wa namna hiyo. Historia ya vali inaandikwa na wanaozipenda, nao hupenda wati. Hata hivyo redio ya vali nne iliyobaki juu ya kabati haijafa kwa sababu betri yake imetoweka madukani. Betri kumi ndogo za volti 9 zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 90, na betri moja ya tochi hutosha kwa waya za moto. Kwanza kapasita ile ya karatasi ing'olewe, iwekwe mpya. Mtu akizima taa na kuchungulia nyuma ya sanduku hataona kitu kikiwaka, kwani waya hizo zilibuniwa zisipoteze hata mwanga. Dalili pekee kwamba zimepata moto ni mkwaruzo wa radi za mbali kwenye spika.